Mfuko wangu wa maji ulivyotufanya tushikwe Tiira, na mimi na dada yangu tulikuwa tunaelekea mlimani tu

Wakuu, salamu kwenu nyote, walio kwenye ofisi zenye feni na walio juani. Ninayoandika hapa yamenitokea mimi mwenyewe. Dada yangu ni shahidi, na yeye huwa hanisaidii kudanganya.

Kwa ufupi nijitambulishe. Mimi ni wa Busia, upande wa Kenya. Napenda kutembea kwa miguu safari ndefu na begi mgongoni, na nina tabia ya kuandika kila kitu kwenye daftari: saa, mahali, nani kasema nini. Kwa hiyo msinishangae nikitaja saa.

Dada yangu Nabwire ni mkubwa kwangu kwa miaka mitatu. Alikuwa amepata kazi ya uuguzi nje ya nchi, mkataba wa miaka miwili. Ndege yake ilikuwa Jumatatu. Basi la kwenda Nairobi lilikuwa Jumapili saa kumi jioni, kutoka Malaba.

Sasa, tangu tukiwa wadogo, kila tukienda kwa shangazi Amukura tulikuwa tunauona ule mwamba wa Tororo umesimama peke yake kule Uganda kama jino. Nabwire kila mara alisema, "Siku moja nitafika pale juu, na nitafika kwa miguu yangu kutoka nyumbani."

Miaka ikapita. Shule, kazi, harusi za watu, matanga ya watu. Mwamba uko palepale, sisi hatujaenda.

Wiki ile ya mwisho akaniambia, "Jumamosi tunatembea mpaka Tororo. Jumapili asubuhi tunapanda. Boda hatupandi hata moja. Nikiondoka bila kufika pale, hiyo miaka miwili nitaimaliza nikiwa na kinyongo, na kinyongo chenyewe kitakuwa na wewe."

Mpango ukawa huo. Tukichelewa Jumamosi, hakuna mlima. Hakuna nafasi ya pili.

Tuje kwenye maji.

Mimi nilikuwa nimeagiza mtandaoni ule mfuko wa maji wa lita tatu unaokaa ndani ya begi, una mrija unaopita begani mpaka mdomoni. Unatembea, unafyonza, husimami. Nikauonyesha kwa majivuno kabisa.

Nabwire akauangalia, akaenda jikoni, akarudi na jerikeni ya manjano ya lita tano iliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Kifuniko kilipotea zamani. Alikuwa ameiziba kwa gunzi la mahindi.

"Hiyo huibebi karibu na mimi," nikamwambia. "Watu wa safari wataniona vipi?"

"Watu gani wa safari? Tuko wawili."

Tulivuka mpaka saa kumi na mbili na robo asubuhi. Hewa baridi, miguu mipya, na mimi nafyonza maji hata kama sina kiu, ili mrija uonekane.

Saa moja na dakika ishirini nikahisi ubaridi mzuri mgongoni. Nikadhani ni jasho. Nikaandika kwenye daftari kwamba begi linapitisha hewa vizuri.

Saa mbili kasoro, Nabwire ambaye alikuwa nyuma yangu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimekuwa nikifuata mstari wa maji tangu lile kanisa tulilopita. Nilitaka kuona utajua saa ngapi."

Wakuu, nilikuwa nimelowa kuanzia kiunoni hadi kwenye soksi. Suruali ya kaki. Wanaume wenzangu mnajua kaki ikilowa inavyoonekana.

Tukapita kwenye kituo cha biashara, akina mama wanapanga nyanya. Mmoja akaita, "Eh, mzee, choo iko hapa nyuma! Haikuwa lazima ujitese hivyo!"

Nabwire alicheka mpaka akakaa chini kwenye mawe ya barabara. Mimi nikalivua begi nione panapovuja.

Tatizo lilikuwa pale mrija unapoungana na mfuko. Nikajaribu sellotape. Ilishika kwa muda wa mtu kufunga begi. Nikatafuna bigijii nikaibandika, ikateleza ikaingia kwenye soksi za akiba. Nikanunua supa gluu dukani, ikaniunganisha vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, na mfuko ukaendelea kuvuja kama kawaida. Kuanzia hapo nilitembea nikiwa kama mtu anayeonyesha kwamba chakula ni kitamu.

Ile jerikeni ya gunzi? Tone hata moja halikutoka. Ila sasa tulikuwa wawili tukinywa maji ya mtu mmoja, na jua la Januari mnalijua. Saa tano jerikeni ikawa tupu.

Ndiyo sababu tukaacha lami tukakata kona kuingia Tiira kutafuta kisima.

Kwa wasiopajua: Tiira ni upande wa Uganda, na watu wengi wa pale wanalima na wanachimba dhahabu kwenye mashimo yao wenyewe, kwa koleo na kamba. Udongo unatolewa shimoni, unasagwa, unaoshwa kwenye karai.

Tukapata bomba la kusukuma kwa mkono. Nabwire akajaza jerikeni, na mimi nikajaza mfuko wangu, maana nilikuwa bado nina imani nao. Begi lenyewe nililitupa chini, mdomo wazi, kwenye tope jekundu linalozunguka bomba, nikalibeba tena, tukaendelea.

Hapo ndipo tulipokosea, na hatukujua.

Njia ilipita katikati ya wachimbaji. Mimi nimebeba begi kubwa, limevimba, linatiririka maji mekundu kutoka chini. Na natembea haraka, kwa sababu tumechelewa.

Mama mmoja aliyekuwa amechuchumaa mbele ya beseni akanyanyua kichwa. Akatazama begi. Akatazama matone. Akapiga kelele:

"Huyo nabeba udongo ya nani?"

Sikuelewa mara moja. Nilielewa nilipoona koleo zinawekwa chini.

Pale kwao, mtu anayetoka mashimoni na begi linalochuruzika maji mekundu ana maana moja tu: ameiba udongo wa shimo la mwenzake, udongo mbichi ambao haujaoshwa. Na wizi huo ni mbaya kuliko kuiba ng'ombe, kwa sababu ng'ombe utamtambua ukimkuta, udongo hutautambua.

Dakika mbili hazikuisha, tulikuwa tumezungukwa na watu kama ishirini. Hakuna aliyetugusa. Lakini hakuna aliyetupisha pia.

Kijana mmoja mrefu akasema, "Hapa munangoja chairman. Chairman anaenda Busia, anarudi jioni."

Yaani mwenyekiti wa kijiji, na jioni!

Nikamwangalia Nabwire. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama kaskazini. Mwamba ulikuwa unaonekana pale, juu ya miti, karibu kuliko tulivyowahi kuuona maishani.

Akasema, "Ndugu zangu, mimi kesho kutwa nasafiri mbali. Nina leo tu. Fungueni begi muone."

Wakafungua. Vitu vikatoka kimoja kimoja mbele ya umati. Shuka iliyolowa. Biskuti zilizokuwa uji. Boksa zangu tatu, na mzee mmoja akazihesabu kwa sauti. Halafu ukatoka ule mfuko na mrija wake.

Watu wakasogea karibu.

"Hii si ya hospitali?" kijana mrefu akauliza. "Huyu ni mgonjwa?"

"Ni mgonjwa wa kichwa," Nabwire akajibu. Nikajua roho imeanza kumrudia.

Lakini chini kabisa ya begi palikuwa na tope jekundu, kama konzi mbili. Lile la bombani. Minong'ono ikaanza upya. Nikaeleza habari ya bomba, nikaonekana kama mtu anayeeleza sana.

Ndipo yule mama aliyepiga kelele akaja mbele. Walimwita Mama Apio. Mfupi, kitambaa kichwani, mikono imekunjamana kwa maji.

"Chairman ya nini?" akasema. "Udongo iko hapa, maji iko hapa, macho yangu iko hapa. Naosha sasa hivi. Kama iko na dhahabu, ni mwizi. Kama haina, ni mjinga. Tutajua."

Wakuu, nimewahi kusubiri matokeo ya mtihani. Nimewahi kusubiri jibu la posa. Sijawahi kusubiri kitu kama nilivyosubiri lile karai.

Aliweka tope langu ndani, akamwaga maji, akaanza kulizungusha. Maji mekundu yanatoka, mchanga mzito unabaki. Anazungusha, anainamisha, anamwaga kidogo. Watu ishirini na mimi tumeinamia karai moja kama watu wanaotafuta jino la mtoto.

Likabaki vumbi jembamba, kama kijiko kimoja.

Na katikati ya lile vumbi, kitu kikameta.

"Iko!" mtu akapiga kelele nyuma yangu. Nabwire akanishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vilivyokuwa na gluu vikaachana.

Mama Apio alikichukua kile kitu kwa ncha ya kidole, akakiweka kwenye ukucha wa gumba, akakikandamiza kwa ukucha mwingine.

Kikavunjika kikawa unga.

"Dhahabu haivunjiki," akasema, akipuliza ule unga usoni kwangu. "Inalala tu kama chapati. Hii ni mawe ya kung'aa, iko kila mahali kwa njia. Huyu si mwizi." Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Ni ile ingine."

Kicheko kilichotoka pale, wakuu, nadhani kilisikika mpaka mji wa Nagongera. Yule kijana mrefu alicheka akiwa ameegemea bega langu kama tumesoma pamoja. Mimi pia nilicheka, nilicheka mpaka machozi, kwa furaha ya kuthibitishwa kwamba ni mjinga.

Baada ya hapo walitaka kuturudishia heshima, na kazi ya watu wale ni maji. Wanasukuma maji, wanabeba maji, mipira yao ya maji na jerikeni zao zinatoboka kila siku. Hakuna fundi wa kuziba panapovuja kuwazidi.

Mama Apio akakamata mfuko wangu, akaugeuzageuza.

"Hii alitengeneza mtu hajawahi beba maji."

Akaufuta pale kwenye maungio mpaka pakakauka kabisa. Akachukua sabuni ya kipande, ile ngumu ya kufulia, akaisugua pale kwa nguvu, ikaingia kwenye ufa. Halafu akaomba blada, ule mkanda wa tyubu ya baiskeli. Akauvuta mpaka ukawa mwembamba, akauzungusha huku ameuvuta hivyohivyo, mzunguko juu ya mzunguko, akauchomeka mwisho wake ndani.

Akaujaza maji, akaugeuza kichwa chini juu ya vumbi kavu. Tukahesabu pamoja, umati wote, mpaka mia moja.

Vumbi likabaki kavu.

Watu wakapiga makofi. Kwa mfuko!

Mama Apio akamnong'oneza Nabwire kitu. Baadaye njiani dada akaniambia ni nini: "Alisema nikifika huko niendako, mtu akinionea, nisingoje chairman."

Tuliachiliwa saa nane kasoro. Siwezi kuwaelezea vizuri mwendo tuliotembea mchana ule. Hatukutembea, tulifukuza. Nabwire mbele, jerikeni kichwani, mimi nyuma. Mtu wa boda alitufuata karibu nusu saa akitubembeleza, mwisho akachoka akasema, "Basi hata muweke jerikeni tu, watu muendelee!" Tukakataa hata hiyo.

Kwa binamu yetu Tororo tulifika giza likianza kuingia. Alitufungulia mlango, akaangalia miguu yetu, akaleta beseni la maji ya moto kabla ya salamu.

Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa chini ya mwamba. Miguu ilikuwa imekaza kama mbao. Kuna sehemu mnapanda kwa ngazi za chuma, na pale Nabwire alisimama mara mbili, ameshika chuma, macho amefumba. Nilidhani tutashuka. Nilimpa mrija akafyonza, akafyonza sana, akasema, "Twende."

Tulifika juu.

Kule juu upepo ni mwingi na unaona kila kitu. Mji chini yako, bati zinang'aa, barabara ya kwenda Malaba, na mbali huko kwetu. Nabwire alitafuta nyumbani kwa kidole kwa muda mrefu. Alipokosea nikamrekebisha, akabisha, tukagombana juu ya mlima kuhusu mlingoti wa simu upi ni wetu.

Halafu akakaa, akavua viatu, akasema, "Kumbe si mbali hivyo."

Aliendelea kutazama kule kwetu, akitikisa vidole vya miguu kwenye upepo, anatabasamu peke yake. Basi la saa kumi tulilipata, tena tukasubiri nusu saa.

Niliyojifunza, kwa mnaotembea na mabegi:

Kabla ya safari, jaza chombo chako, kigeuze juu ya vumbi au jivu kavu, uhesabu mpaka mia. Usiamini macho, amini vumbi. Maji yabebe nje ya begi, na nguo zifunge mbali nayo. Kipande cha sabuni na blada ya baiskeli viwe mfukoni kila mara, ila kwanza pakaushe, la sivyo sabuni itateleza tu. Beba vyombo viwili, na usimcheke mtu kwa gunzi lake.

Na ukipita kwenye mashimo ya watu ukiwa unachuruzika, salimia kwanza, jieleze kwanza, ndipo upite.

Mwenye dawa yake ya kuziba aiweke hapa chini tujifunze. Na mliowahi kuaibika barabarani, msinione mimi peke yangu, njooni tukae pamoja. Nabwire anausoma uzi huu kutoka huko aliko, na ameniahidi kwamba popote nilipoongeza chumvi atajibu yeye mwenyewe.