Alizeti Kumi na Nane za Mama Cornelia

Hapa Mpui hakuna anayejua kupigilia mti kama mimi Baltazari. Mazizi nimejenga, vyoo nimejenga, hata uzio wa padri ni mkono wangu. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu mwalimu hakuwa na jipya la kunifundisha. Yeye anasimulia tofauti, lakini leo simuandiki yeye. Namuandika jirani yangu Mama Cornelia, na alasiri moja ya mwezi wa nne niliyotamani ardhi inimeze.

Mama Cornelia ana miaka sitini na kitu, mfupi, na mwaka mzima anavaa koti la marehemu mumewe Polikarp, linamfika karibu na vifundo vya miguu. Polikarp alimwachia koti hilo na mbegu ya alizeti. Siyo hizi fupi za dukani. Hizi zinalipita paa la nyumba, kichwa kama ungo, na mafuta yake ukikaangia maharage jirani anakuja bila kuitwa. Zamani kila mwezi wa kumi na moja kina mama walikuja na vikombe, anawagawia mbegu. Sasa wote wamehamia kwenye fupi. Halafu mwaka jana panya wakaingia kwenye debe lake, wakabakiza konzi moja. Akaipanda yote nyuma ya nyumba, zikaota kumi na nane. Hiyo ndiyo mbegu yote iliyobaki.

"Shikamoo mama," nilimwambia wiki moja kabla. "Mbona unazitazama kama mgonjwa?"

"Marahaba, Balta. Vichwa vimeshakuwa vizito na punje bado laini. Upepo ukinipa siku kumi, nimepona."

"Uogope upepo na mimi nipo?"

Kesho yake nikaleta miti kumi na nane. Kila shina mti wake, nimeukita pembeni yake hapohapo kwenye ntumba, nikafunga kwa waya, nikakaza kama nafunga mbuzi wa sikukuu. Mama Cornelia akautikisa mmoja.

"Umekita kwenye ntumba."

"Alizeti si ndiyo ziko hapo? Ulitaka nikakite jikoni?"

Alicheka kidogo, akarudi jikoni kwake. Ningekuwa na akili ningekiogopa kile kicheko.

Kwa asiyekujua kwetu: ntumba ni lile tuta la mviringo. Tunakusanya majani, tunayafunika udongo, yanaoza humo ndani, mimea inanenepa. Mimi nimezaliwa katikati ya matuta hayo. Najua kabisa kwamba ndani ni majani yaliyooza, na mvua ya siku tatu inayageuza uji. Najua, na bado nilikita.

Mvua ikanyesha siku tatu. Ya nne, alasiri, ikakatika, na upepo ukaanza kutokea upande wa bonde la Rukwa. Nilisikia mabati ya jirani yanapiga kelele, nikakimbia. Nikafika wakati ntumba ya ukingoni inapasuka. Alizeti tatu zikalala chini, na miti yangu mitatu imelala nazo, imefungwa vizuri kabisa.

Ya nne ilibaki wima. Upepo ukaivuta, haikuweza kuyumba, ikakatika palepale kwenye waya.

Mama Cornelia alikuwa katikati ya bustani, amekumbatia shina la ile kubwa kuliko zote, kichwa kinampiga begani. "Kata waya," akasema. "Zote. Anza na hizo za pembeni."

"Nikikata si zitaanguka?"

"Baltazari. Kata."

Hajawahi kuniita jina zima. Nikakata, na ajabu zile alizeti zikaanza kuyumba zenyewe, zinainama na kurudi. Lakini matuta yalikuwa yanaendelea kupasuka.

"Sasa ng'oa miti yako. Kita huku chini, nje ya ntumba, kwenye udongo mgumu. Mitatu kwa kila moja."

"Miti haitoshi, mama."

"Banda la kuku lina miti mingapi?"

Nikalibomoa banda. Kuku wakaingia jikoni. Nikawa nagonga kwa kichwa cha shoka, na udongo ule wa chini ulirudisha pigo mpaka kwenye meno, ndipo nikajua nimefika penye ardhi. Miti ya lile shina kubwa ilipokaa, akaniachia nilishike, akachana khanga yake vipande. Anakizungusha kitambaa kwenye shina, anakipindanisha, ndipo anakifunga kwenye mti, nafasi ya vidole viwili inabaki. Majani ya chini yanayoshika upepo akayakata kwa kisu. Hakunitazama hata mara moja. Mbili nyingine zikaanguka tukiwa tunahangaika na zilizo jirani nazo, na alipozisikia hakugeuka, akamalizia fundo alilokuwa nalo.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza upepo ulipotulia.

Nilihesabu mara mbili nikitafuta jibu zuri zaidi. "Kumi na mbili."

Akakaa chini kwenye matope na koti lake. Nikasema, "Mama, nisamehe." Na mimi sisemagi neno hilo, muulize mke wangu.

"Kajenge banda langu kwanza," akasema. "Kuku wananinyea unga."

Siku kumi na moja baadaye aliziminya punje kwa kucha, zikagoma. Kavu, ngumu. Tukavuna vichwa kumi na viwili, debe likajaa nusu na zaidi, na safari hii likawekewa mfuniko wa bati na jiwe juu.

Mwezi wa kumi na moja nikaenda na kikombe. Sikuwa na uhakika. Akakijaza mpaka juu, halafu akakishikilia kidogo kabla ya kukiachia.

"Utapanda wapi?"

"Kwenye ntumba, mama."

"Na miti?"

"Nje ya ntumba."

"Waya je?"

"Waya nimempa padri."

Akakiachia kikombe. "Usikite mpaka nije," akasema. "Nitakuja na shoka langu."

Na alikuja. Kumi na sita nilizopanda mbele ya nyumba zote zimesimama, hata mkipita barabarani mnaziona. Mkiulizwa nani kakita, semeni Baltazari.