Maji ya Kuogea ya Baba Mukwe

Enzi zile za Wabelgiji, mjini Élisabethville, nilikuwa najifunza kurekebisha vyombo vinavyojiendesha kiwandani. Mwalimu wangu, Mbelgiji, alinikabidhi tangi la maji ya kuogea wafanyakazi. Chombo kilipima joto la maji, kisha chenyewe kikafungua au kufunga mvuke wa kuyapasha. Kazi yangu ilikuwa kukipangia kiwe kikali kiasi gani, yaani kiitikie kwa nguvu gani joto likibadilika.

Nilitaka sifa, nikakifanya kikali mno. Maji yakipoa kidogo tu, kilifungua mvuke wote. Joto lilipokifikia, maji yalikuwa yameshapita kiasi, nacho kikafunga wote. Yakawa baridi kama ya mtoni.

King'ora cha zamu kikalia, watu wakaingia kuoga. Mara makelele. Mzee mmoja akatoka mbio, uchi, povu kichwani.

"Nani iko anatupika sawa mihogo?"

Alikuwa baba wa bibi yangu, yaani mke wangu. Kwetu hata kula pamoja na mkwe ni mwiko, sembuse kumwona hivyo. Tulitazamana. Niligeukia ukuta, nikabaki hivyo hadi niliposikia mlango umefungwa.

"Umekipa haraka mingi," mwalimu alisema. "Punguza, halafu ngoja."

Nilipunguza, nikangoja, maji yakatulia.

Nilimtuma shangazi ampelekee mkwe kuku wa kuomba radhi. Mkwe akampokea kuku. Siku iliyofuata bibi yangu alirudi kutoka kwao akicheka.

"Baba anasema maji ya leo iko muzuri."

Mimi sikucheka. Miezi mingi nilizunguka nyuma ya bohari ili nisipite mbele ya bafu lile.