Katuni Iliyomuua Mjomba Dadi

Enzi zetu mtu akililia katuni, alilia mbele za watu, na mtaa mzima ukajua. Siku hizi vijana wanalia peke yao chini ya shuka, wamechomeka vidude masikioni, kisha wanatuma kwenye simu kiuso cha manjano kinachotiririka machozi. Kiuso hicho ndicho kinacholia kwa niaba yao. Wenyewe wakimaliza wanakuja mezani wanaulizia chai.

Binti yangu Mwanaidi, anayesoma sekondari hapa Masasi, amenikataza kabisa nisiziite katuni. Ni anime, anasema, kwa upole wa muuguzi anayemtajia mgonjwa jina la ugonjwa wake. Ana maoni mengi juu ya anime, na anayapanga kwa machozi: hii inauma, ile inauma zaidi, ile nyingine usiangalie kama una mtihani kesho. Anadai Wajapani wanajua kumuua mtu uliyeanza kumpenda, na wakishamuua wanakupigia kinanda taratibu ili machozi uliyobakiza nayo yatoke. Namsikiliza kwa heshima, kama inavyompasa mtu asiyejua kitu. Asichojua yeye ni kwamba hizo katuni zilifika Newala kabla mama yake hajanijua, na kwamba moja kati ya hizo ilimuua mtu wa nyumbani kwetu, na msiba ukawekwa.

Nakumbuka banda la video la Kaka Twaha. Lilikuwa la udongo, madirisha yamezibwa kwa nailoni nyeusi, na mabenchi yake yalikuwa magogo ya mikorosho iliyozeeka. Ndani kulinuka petroli ya jenereta, jasho la watoto na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, maana kila mtu aliingia na yake mfukoni, na ukitafuna vizuri mng'oko mmoja ulifika nao hadi mwisho wa filamu. Kiingilio tulilipa kwa korosho tulizookoteza chini ya miti baada ya wakubwa kuvuna. Twaha mwenyewe, aliyekuwa fundi redio, alikaa pembeni ya deki juu ya kreti la soda, ameshika kipaza sauti, anatufasiria.

Kijapani hakukijua. Maandishi yaliyopita chini ya picha yalikuwa ya Kichina, hayo nayo hakuyajua. Jambo hilo halikumsumbua hata kidogo. Ndugu yake alimletea kutoka Dar es Salaam rundo la sidii za katuni ndefu kuhusu mvulana mwenye nywele za zambarau anayevuka milima akiwafukuza mashetani ya chuma, na Twaha alipoitazama mara moja tu akaielewa yote. Mashetani, alitueleza, wameiba salfa ya kijiji, ile dawa ya kupulizia mikorosho, miti imeshikwa na ugonjwa, na mtoto anaifuata salfa. Tuliona ni sababu nzuri sana ya kupigana. Hadi leo sijaona filamu yenye vita vya haki kama vile.

Majina nayo aliyatoa humuhumu mwetu. Mkuu wa mashetani alimwita Bwana Shamba. Mvulana alikuwa Shaibu. Na yule mtu mkubwa mwenye upanga, aliyembeba Shaibu mgongoni kila walipofika mtoni, alimwita Mjomba Dadi.

Hapo ndipo penye mambo, kwa sababu Mjomba Dadi tulikuwa naye wa kweli. Alikuwa kaka yake mama, mtoto wa kiume pekee wa Bibi, na swahiba wa Twaha tangu wakiwa jandoni pamoja. Lakini wakati ule hakuwa akikanyaga Newala. Alikuwa ameoa kijijini Chiungutwa bila kumshirikisha Bibi, na siku alipomleta mkewe kumtambulisha, yule mwanamke alifika na vumbi la njia nzima akaomba maji ya kunywa. Bibi akasema mtungi mkavu.

Mtu asiye wa kwetu hataona kilichoharibika. Newala tuko juu, maji yalikuwa chini bondeni, na wanawake waliteremka gizani na kurudi na ndoo kichwani jua limeshachoma. Kumpa mgeni maji mlangoni ilikuwa ndiyo kumwambia karibu, wewe ni wetu. Kumnyima ilikuwa ndiyo hiyo nyingine. Na mtungi haukuwa mkavu. Sote tuliuona umejaa, umefunikwa kwa sahani, na mke wa Dadi aliuona vilevile kwa kuwa ulikuwa pale pale ubavuni mwake. Dadi aligeuza baiskeli, wakaondoka, na tangu siku hiyo hakurudi. Hata mimi nilipotoka jandoni, siku ambayo mjomba humpakia mpwawe mgongoni, mahali pake alikaa jirani. Bibi alipiga marufuku jina la Dadi nyumbani mwake, na kila jioni alikaa akitazama njia ya Chiungutwa. Ukimuuliza anatazama nini, alisema anatazama mbuzi. Mbuzi hatukuwa nao.

Basi siku moja, Jumamosi baada ya adhuhuri, Dadi wa kwenye katuni akafa. Sitasahau. Alisimama mlangoni mwa ngome peke yake, akauzuia mlango kwa mgongo ili Shaibu akimbie na salfa, na mashetani wakamchoma upande wa pili. Akateleza taratibu hadi chini. Kinanda kikaanza, kile kile anachokisema Mwanaidi. Twaha akasema kwa sauti yake mwenyewe, si ya kuigiza, maneno ya mwisho ya marehemu: "Mwambieni mama mimi sikukasirika. Aliyekuwa na kiu ni mke wangu."

Banda zima lililia. Walilia hadi wale wavulana wakubwa walioanza kuvuta sigara. Dada yangu Zuhura, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, alitoka mbio akipiga mayowe hadi nyumbani, akamkuta Bibi anabangua korosho, akamwambia Mjomba Dadi kafa.

Bibi akauliza kasikia wapi. Kwa Twaha, akasema Zuhura. Na ni nani mwingine angepata habari za Dadi mapema kuliko Twaha? Bibi akauliza tena, sasa kwa sauti iliyoanza kukatika, kama marehemu alisema neno. Zuhura, mtoto mwenye kumbukumbu nzuri, akayarudia maneno yote ya mwisho bila kupunguza hata moja.

Nilipofika mimi nilikuta Bibi amelala chini, mama ameshika kichwa, na wanawake wa jirani wanaingia wamejifunga kanga. Niliingia na macho mekundu kama pilipili, na hilo likawa ushahidi wa pili. Watu wakaenda kumtafuta Twaha wakakuta banda limefungwa. Alikuwa amekwenda kutafuta petroli, lakini wazee waliamua kwamba amekwishatangulia Chiungutwa mazikoni. Kijana mmoja mwenye baiskeli akatumwa kuifuata maiti. Mikeka ikatandikwa, sufuria kubwa likaazimwa, na unga wa muhogo ukaanza kuingia bakuli kwa bakuli.

Walimuuliza Zuhura mjomba alikufaje, akawaeleza kuwa alizuia mlango kwa mgongo ili mtoto wa watu akimbie. Wazee wakatikisa vichwa. Wakasema Dadi alikuwa hivyo hivyo tangu mdogo.

Bibi hakuwa akilia tena. Alikaa kwenye mkeka, akawaambia wanawake wote waliokuwepo, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kimakonde: "Ntungi ulikuwa umejaa. Nilinnyima nke wa mwanangu maji, na ntungi umejaa." Mimi nililia upya, na safari hii sikuwa nalilia katuni.

Aliyetuokoa ni mtani wetu mmoja, Myao, aliyekuja kufanya kazi ya watani msibani, yaani kumsema marehemu vibaya mpaka wafiwa wacheke. Akamwita Zuhura amwambie kama mjomba amekufa na kile kipara chake. Zuhura akasema hapana, ana nywele za bluu hadi kiunoni. Mtani akadhani mtoto anamshinda kwenye utani. Akauliza nywele za bluu kazipata wapi. Zuhura akasema anazo siku zote, kwenye video.

Mtani akacheka hadi akakaa chini, na mama akaanza kumtafuta Zuhura kwa fimbo, na watu hawakujua walaumu nani. Watani walikataa kuondoka bila kula, wakidai katuni nayo ina haki zake, ugali ukasongwa, na kisamvu cha nazi cha siku ile kilisifiwa muda mrefu. Bibi pekee hakucheka. Aliingia ndani akafunga mlango. Alikuwa amekwishayasema aliyoyasema mbele za watu, na maneno hayo hayakuwa ya katuni.

Hatukumkumbuka yule wa baiskeli. Alipofika Chiungutwa alimkuta marehemu mwenyewe anafyeka chini ya mikorosho yake, mzima, kipara kinang'aa. Maneno yakamtoka kichwani. Alichoweza kusema ni kwamba kuna msiba kwenu. Mjomba Dadi hakuuliza wa nani. Kwetu mzee wa kumhofia alikuwa mama yake tu.

Asubuhi wanawake walikuwa wanasugua sufuria uani, mikeka bado imetandikwa, alipotokea njiani anasukuma baiskeli, mkewe nyuma yake. Akaiona ile mikeka. Baiskeli ikaanguka, akakaa vumbini, mtu mzima mwenye ndevu, akalia akimwita mama yake. Alikuwa anaomba radhi kwa kila kitu, hata kwa mambo ambayo hayakuwa makosa yake.

Mlango ukafunguliwa na Bibi akatoka. Alimtazama mwanawe, akaona ni mzima, lakini hakumwendea. Alirudi ndani. Tulisikia sahani ikifunuliwa. Akatoka na kata ya maji imejaa, ameishika kwa mikono miwili, akampita Dadi pale chini kama hamwoni, akaenda hadi kwa mkewe akapiga magoti.

"Karibu, mwanangu," akamwambia. "Kunywa."

Yule mwanamke alikunywa yote bila kupumzika. Kisha akamrudishia kata na kuomba nyingine. Hapo ndipo Bibi alipocheka na kulia kwa pamoja, na Dadi akainuka vumbini akiuliza, sasa aliyekufa ni nani? Walipomweleza, akanitafuta mimi, akanipakia mgongoni nikiwa dume zima niliyetoka jando, akanizungusha ua wote. Aliniambia hiyo ni ya jando.

Bibi alikwenda banda la video siku hiyo hiyo, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Sijui alimwambia nini Twaha juu ya yale maneno ya mwisho. Ninachojua ni kwamba alitoka na amri moja: amfufue. Twaha alikuwa na kazi ngumu, kwa sababu sidii iliyofuata ilianza na mazishi. Mvua inanyesha, watu wamevaa nyeusi, Shaibu analia, sanduku linateremshwa kaburini. Bibi alikuwa benchi la mbele na mng'oko wake. Twaha akashika kipaza sauti, akatutangazia kwamba Mjomba Dadi amesafiri kwenda Chiungutwa kwa mkewe, na lile sanduku ni mizigo yake inayopakiwa. Tulishangilia. Mtoto mmoja aliyeuliza kwa nini basi wanalia alipigwa konzi.

Bibi alikufa kweli baada ya miaka mingi, na aliyemnywesha maji ya mwisho kwa kijiko alikuwa mke wa Dadi. Twaha naye ametangulia. Banda ni duka la simu. Maji yanafika kwenye bomba, siku yanapofika, na mgeni akija hana haja ya kuomba, anakuja na chupa yake. Mjomba Dadi yuko Chiungutwa, magoti yanamuuma, na kipara ni kile kile.

Haya yote nilimsimulia Mwanaidi wiki iliyopita, nilipomkuta macho yamevimba nikamuuliza nani kafa, akajibu hakuna, ni anime tu. Hakuna aliyekuja na unga. Hakuna mtani aliyetumwa. Mtu alikuwa amemfia na mimi nilikuwa chumba cha pili naangalia taarifa ya habari. Alinisikiliza, akacheka, akaniuliza nywele za zambarau, nywele za bluu, mtoni, ngome, akabonyeza bonyeza simu, na kabla sijamaliza chai akawa ameipata, ile ile, safi kuliko tulivyoiona sisi, na chini yake maandishi ya Kiingereza. Hakuna salfa. Wanafuata kengele. Na yule mtu mkubwa si mjomba wa yeyote, ni mlinzi tu aliyekodiwa.

Akachomoa kidude kimoja sikioni akanipa. Tukakaa tumeinama juu ya kile kioo kidogo, kichwa kwa kichwa, hadi pale mlangoni. Akauzuia mlango kwa mgongo. Akateleza. Kinanda kikaanza, na mimi mtu mzima nikaona kioo kinaingia ukungu. Nikawa nasubiri.

"Anasema nini hapo?" nikamuuliza.

Mwanaidi akarudisha nyuma, akasoma, akarudisha tena.

"Hasemi kitu, Baba. Anahema tu."

Nikamwambia kule Newala alisema.