Waliozaliwa Mjini

Korogwe ya stesheni ilikuwa changa kuliko magego yangu pale wanawake wake walipoanzisha chama cha waliozaliwa mjini. Reli ya Mjerumani ilipofika hapakuwa na mji, palikuwa na majani na mbu. Hakuna mwanamke mzima, basi, aliyeweza kuwa amezaliwa pale. Hilo halikuwasumbua. Watu pekee waliozaliwa karibu walikuwa wale wa vijiji vya visiwani, katikati ya mto, na hao walikataliwa mapema, eti ni wakulima na wananuka samaki.

Wanawake hao wa chama nawadharau mpaka leo, na umri haujanilainisha. Mkubwa wa chama, mke wa mshika bendera wa stesheni, alijiita Bibi Gavana. Chini yake alikuwapo Bibi Shauri, kisha Bibi Afande, kisha msururu wa wanawake ambao kazi yao ilikuwa kuitikia. Walivaa kanga sare na kutembea kwa mstari kama askari, hata wakienda kisimani. Nilikuwa nimerudi kutoka Berlin, nilikowafundisha Wajerumani Kiswahili katika chuo kikuu, na kwa hisani yao nikasikiliza mihadhara ya sheria nikiwa benchi la nyuma. Nilidhani huko nimeona mwisho wa binadamu kulewa vyeo. Kumbe nilikuwa nimeona mwanzo tu.

Chama kilikuwa na sheria moja iliyouma. Mwanachama akiozesha mtoto au akifiwa, wote huja na michi na vyungu vyao. Asiye mwanachama, ni marufuku kukanyaga uani kwake, hata kwa kutoa pole.

Dada yangu mkubwa, mjane, alikuwa amehamia kwangu kutoka Kwedizinga, na binti yake akaposwa na kijana seremala. Mama wa seremala ndiye Bibi Afande. Nasi kwetu bibi harusi hatoki nyumbani mpaka mama mkwe aingie mwenyewe, amshike mkono mbele ya watu. Dada aliiona shida hiyo akichambua mchele: asipokubaliwa chamani, mkwe haingii, na mkwe asipoingia, binti hatoki. Ikabidi anieleze mara mbili. Nilikuwa nasoma gazeti.

Tukaenda uani kwa Bibi Gavana kuomba uanachama. Nilikuwa nimeandaa hotuba juu ya maana ya uraia, kuanzia Warumi. Sikuwavuka Warumi. Bibi Gavana alinikatiza akitaka kujua kama ni kweli kwamba huko Ulaya nilikula nguruwe. Nikasema nilikula viazi. Wanachama waliomzunguka wakatazamana, wakaguna, na Warumi wangu wakaishia hapo. Kisha akamgeukia dada.

“Mama, wewe umezaliwa wapi?”

“Kwedizinga.”

“Huko ni porini.”

“Ndiyo, bibi. Na ninyi je? Maana mji huu umeletwa na gari la moshi. Mmezaliwa ndani ya behewa?”

Bibi Afande alicheka, akawahi kukigeuza kicheko kikohozi. Wenzake walinuna. Tukaonyeshwa njia.

Nilipendekeza tukate rufaa bomani. Dada akaniambia nikanunue mchele. Yeye akavuka kwenda visiwani, akaeleza haja yake kwa Kizigua, na siku ya harusi wanawake wa huko wakaja na vinu vyao vichwani, bila kumuuliza mtu alizaliwa wapi. Walinuka samaki kweli. Walitwanga vizuri kuliko gwaride lolote la kanga sare.

Chama nacho kikaja, ila kikajipanga nje ya ua. Njia ni ya serikali, walisema, kwa hiyo hakuna sheria iliyovunjwa. Bwana harusi alikuwa akitoka jasho ndani ya kanzu mpya. Mama yake alisimama mlangoni pa ua, ncha za vidole vya miguu zikigusa boriti ya kizingiti, asivuke. Bibi Gavana akatoa shauri kwamba binti aletwe hapo hapo, apokelewe nje.

Ndani, mpwa wangu alikuwa ameketi mkekani, amefunikwa, akisikia kila neno. Alianza kulia. Dada akatoka na mwiko mkononi.

“Mwanangu si furushi la kutupwa nje ya ua,” alisema. “Mkwe, nyumba hii ina mlango. Ukimtaka, ingia umchukue.”

Bibi Afande aliwatazama wenzake, akamtazama mwanawe. Kisha akavuta kanga yake, akajifunika kichwa, uso na macho yote mawili, akaingia. Akajikwaa kwenye kinu. Akapapasa ukuta mpaka akaupata mkono wa binti, wakatoka pamoja, na vigelegele vya visiwani vikapasua anga. Bibi Gavana alikuwa akitazama upande wa stesheni kwa makini sana, ingawa siku hiyo hapakuwa na gari.

Chama kilikaa kikao wiki ile ile. Kiliamua kwamba mwanamke aliyeingia kwetu hakuwa Bibi Afande, bali ndugu yake fulani kutoka Lutindi, asiyejua sheria za mjini. Naambiwa Bibi Afande aliunga mkono uamuzi huo kwa sauti kubwa kuliko wote. Cheo chake kikabaki.

Dada hakuomba tena uanachama. Mkwe wake huja kwetu mara kwa mara, mchana kweupe, amejigubika gubigubi, na njia nzima humpisha bila kumsalimu, maana hawamjui. Akishaketi hujifunua, wakala karanga na kuwasengenya wanachama mmoja mmoja. Mimi hufukuzwa, nikakae barazani.