Nilivyoikagua Hoteli ya Mbarara kwa Ajili ya Mzazi

Banamuke wenzangu wa Nakivale, mliniuliza kwa nini niliondoka na kuku, imbabula yangu ya kupikia kwa makaa na unga wa mtama kama mtu anayehama. Nilikuwa ninaenda hotelini. Binti yangu Nyota alikuwa amejifungua mtoto wa kike kule Mbarara, hospitali ya Ruharo. Mume wake, Amani, muchuuzi wa vitenge, alitaka mke wake apumzike wiki nzima katika ile hoteli ya zamani ya wakubwa. Nikasema sawa, lakini anayemwosha mzazi ni mimi, basi hiyo nyumba nitaiangalia mimi kwanza.

Asubuhi tulipita Kabingo. Huko Masha gari lilisimama ng'ombe wapite. Walikuwa wazuri, sikulalamika.

Mbarara, mlango wa hoteli ulikuwa wazi. Nikapiga hodi, nikangoja. Watu wananipita tu. Nikapiga tena. Askari wa mlangoni akacheka, akaniita bibi kwa lugha yao.

"Kaaka, hapa hakuna hodi. Ingia tu."

"Niingie tu kwa watu? Mimi ni mbuzi?"

"Ingia. Lakini kuku hapana ingia."

Kuku akafungwa kwenye maua.

Ndani, binti wa mapokezi, Kyomugisha, alinionyesha chumba. Kitanda cha mbao nyeusi, dari juu kama ya kanisa, na beseni la kuogea refu kama mtu, lina miguu ya chuma. Akafungulia bomba: maji ya moto! Nikatia mkono. Tangu ujana, maji ya kukanda wazazi nimeyabeba kichwani.

"Na uji?"

Jikoni mpishi alipokea unga wangu, imbabula akaikataa. Sikubishana. Jikoni ni kwake. Nikamgeukia Kyomugisha.

"Sasa siku ya kumpa mutoto jina, batoto wataingilia wapi?"

"Batoto gani, kaaka?"

Nikamweleza. Kwetu batoto wa jirani wanaitwa, wanakula pamoja, kila mmoja anamtajia mtoto jina kwa sauti. Bila hivyo bado hajafika kwa watu.

"Ni wangapi?"

"Wa mtaa wote."

Akashika mdomo. "Hapa wageni ni wawili wawili. Tena bila kelele."

Amani alikuwa bustanini, ametazama pembeni kwa heshima ya ukwe.

"Mama, umeipenda?"

"Maji nimeyapenda. Tutalala usiku moja."

"Mimi nilisema wiki!"

"Batoto wataje majina kupitia dirisha? Na wewe utafute fasi ingine ya kula. Sitatafuna mbele ya mukwe katika ukumbi ule."

Akacheka, akakubali.

Jioni Amani alimleta Nyota na mtoto kutoka hospitali, nikamkanda Nyota ndani ya maji yale mpaka akaanza kuimba. Hakuna aliyemkataza.

Kesho yake tukarudi. Kyomugisha alituletea kuku mpaka garini.

"Kaaka, na mimi nitaje jina?"

"Wewe si mutoto wa mtaa wetu."

Akainamisha uso. Nikaona nimekuwa mkali bure. "Haya, taja."

"Kembabazi," akamwambia mtoto, karibu na sikio.

Basi, mkiniuliza: safari ikiwa ya kupumzisha mgongo, laleni pale. Ikiwa ya mtu mpya anayengojwa, laleni usiku mmoja, mumlete nyumbani. Batoto walitaja majina mingi, mlisikia kelele. Baba yake akachagua Neema. Lakini nikimwogesha kwenye beseni letu la plastiki, maji yakiwa ya moto vizuri, mimi ninamwita Kembabazi. Anageuka.