Herufi Kubwa ya Baba

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi, baba yangu alikuwa ameshaachishwa kazi ya kupima pamba kwenye chama cha msingi cha ushirika. Alirudi shambani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo tu nyumbani. Kampuni moja mpya ikabandika tangazo sokoni: inatafuta karani, na barua ya maombi iandikwe kwa Kiingereza.

Niliiandika mchana mmoja, baba akinywa uji pembeni yangu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini herufi alizijua vizuri. Nilipomaliza akaichukua barua, akawa anaifuata kwa kidole.

"Mayu," aliniita, kama wazee wa kwetu wanavyowaita binti zao kwa upendo, "hii 'I' ni nani?"

"Ni mimi, baba."

"Na 'father' ndiyo mimi?"

"Ndiyo."

"Mbona wewe umejiandika kwa herufi kubwa kila mahali, mimi umeniandika kwa ndogo?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Nikamwambia ndivyo Kiingereza kilivyo. Akaiweka barua mezani, akaenda kuangalia ng'ombe.

Jumamosi nikamfuata mwalimu wangu wa zamani wa Kiingereza. Mshahara wake ulikuwa hautoshi, kwa hiyo kila Jumamosi alikuwa anauza mitumba sokoni. Nilimkuta anakunja mashati, nikamweleza yaliyotokea. Alicheka kidogo, kisha akaliweka shati chini.

"Ukiandika 'my father', hilo ni neno tu, kama jirani au mjomba. Ukiiondoa hiyo 'my' ukasema 'Father' peke yake, umelifanya jina lake. Na jina linaanza kwa herufi kubwa."

"Na 'I' je?"

"Hiyo ni kubwa siku zote, hata ukiwa mwizi."

Nikaiandika barua upya. Nilieleza kwamba kutofautisha pamba safi na pamba fifi, ile chafu, nilifundishwa na Father, bila 'my'. Baba aliitazama ile F kwa muda mrefu. "Hapo sawa," akasema, akanipa baiskeli yake nikaipeleke barua.

Baada ya wiki mbili niliitwa ofisini. Meneja alikuwa na barua yangu mkononi.

"Dada, yaani padri ndiye aliyekufundisha pamba?"

Sikumwelewa mpaka aliponionyesha lile neno. Nikaona aibu. Nikamwambia si padri, ni baba yangu mzazi, amepima pamba ya wakulima miaka mingi na wanamwamini.

Akaacha kutabasamu. "Bado ana nguvu?"

"Anazo."

"Mwambie aje kesho."

Msimu ule baba aliajiriwa kununua pamba kwenye kituo cha upande wa Migato. Ukarani alipewa msichana mwingine aliyejua kupiga chapa. Sitasema uongo, niliumia. Nililia jikoni, mama akaniacha nilie, kisha akanipa mchicha niuchambue.

Siku ya kwanza ya kazi baba aliondoka alfajiri, amevaa shati la kanisani. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Kujifunza kupiga chapa kunachukua muda gani?"

"Miezi mitatu, wanasema."

"Basi tafuta pa kujifunzia," akasema, akapanda baiskeli. Nilipata Maswa, kwenye chumba chenye mashine mbili, na mwaka uliofuata nikapata kazi.