Ndege Yote na Debe Moja

Baba mkubwa wangu ni hodari wa kumpigia debe babu. Tangu nikiwa mdogo namsikia akisema kwamba wakati wa vita babu alifukuza ndege za adui. Nami nilijigamba nayo shule nzima, mjinga mimi.

Mwaka jana alikuja kututembelea hapa Johannesburg. Kabla hata ya kutupa salamu za nyumbani, alitoa kwenye sanduku picha ya babu na barua ndani ya fremu. Barua iliandikwa na mzungu wa kambi ya ndege za vita, kwa Kiswahili chao cha kuamrisha: "Mtu hii nafukuza ndege yote. Kazi mzuri."

Alitaka picha itundikwe kwenye makumbusho ya vita, kando ya Ventura, ndege ya vita ya injini mbili iliyolinda bahari na kuwinda nyambizi. Kanisani kwake alikuwa ameshatangaza kwamba imetundikwa.

Tukaenda Jumamosi. Ventura yenyewe ina tumbo nene, imekaa pale kama nguruwe aliyeshiba. Baba mkubwa akaivulia kofia. Nikaona aibu.

Mzee wa kizungu anayeongoza wageni akauliza barua inasemaje.

"Msomee, mjukuu wangu," baba mkubwa akamwambia binti yangu. "Damu yake ndiyo imsomee."

Binti yangu ana miaka kumi. Amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia vizuri, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Kioo kilikuwa kinang'aa, akaitoa barua kwenye fremu. Kumbe chini ilikuwa imekunjwa kwa nyuma. Akaikunjua na kuisoma yote: "Debe ya kupiga narudisha."

Debe! Ndege gani ya mabomu hufukuzwa kwa debe? Mzungu angeandika "ndege wote" au "ndege zote" tungejua zamani, lakini "ndege yote" yake haikuwa ya manyoya wala ya chuma. Kiingereza hakina huruma hiyo, kina maneno mawili. Binti yangu akafikiri kidogo, akamtafsiria mzee kwa lile la manyoya.

Nilimgeukia baba mkubwa nione kama ameshtuka. Hakushtuka. Alikuwa anautazama ule mkunjo, nami nikajua ni nani aliyekunja.

Yule mzee hakucheka. Alisema ndege mmoja akiingia kwenye injini anaweza kuangusha wote waliomo. Picha za marubani anazo ukuta mzima, ya mfukuza ndege hana hata moja. Akanyoosha mkono aipokee.

"Hapana," baba mkubwa akasema, akairudisha picha na fremu yake kwenye mkoba. "Baba yangu si wa kuwinga ndege shambani."

Nilimdharau kama sijawahi kumdharau. Kwake, afadhali baba yake asiwe na ukuta kuliko awe na debe!

Kesho yake kwenye ibada yetu sisi Wakenya, mtaani Doornfontein, alisimama kutoa ushuhuda. Babu akazifukuza tena ndege za adui, safari hii juu ya bahari.

"Mwanangu huyu hapa shahidi," akanionyesha. "Si jana tumekwenda?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Wakubwa zangu wa kazini walikuwemo. Nikatikisa kichwa kukubali, na tabasamu juu.

Binti yangu akanivuta mkono. Kwa Kiswahili safi, na kwa sauti, akaniuliza:

"Mama, na debe?"